Ni meno kweli? Kusoma dalili za mtoto anayeota meno, na namna ya kumtuliza

Mwanangu wa kwanza alipofikisha miezi saba alianza kuharisha. Siku ya kwanza mama mkubwa alimtazama akasema, "Meno hayo, mwanangu, yatapita." Siku ya pili jirani akasema vivyo hivyo. Siku ya tatu mtoto alikuwa analia bila machozi, na mimi bado nampapasa fizi nikitafuta jino. Tulipofika zahanati, muuguzi aliifinya ngozi ya tumbo lake, akaiachia, ikakawia kurudi. Habari ya meno hakuigusa. Aliniuliza mtoto amekojoa lini mara ya mwisho, nikakosa jibu. Jino lenyewe lilichomoza wiki tano baadaye, mtoto akiwa mzima na kicheko chake.

Siku ile ilinifundisha kwamba "ni meno tu" ni neno la kusema mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba si kitu kingine. Kwa hiyo hapa nitaanza na kile unachokiona kwa mtoto, ndipo tuulizane kimesababishwa na nini.

Kwanza mtazame umri na mahali fizi ilipovimba

Watoto wengi huota jino la kwanza karibu na miezi 6. Wapo wanaoanza wakiwa na miezi 4, na wapo wanaofika mwaka mzima wakiwa mapengo, nao ni wazima kabisa. Mara nyingi hutangulia meno mawili ya mbele ya chini, kisha mawili ya mbele ya juu, halafu ya pembeni yake. Magego ya kwanza huja mtoto akiwa na mwaka na ushee, chonge hufuata kati ya miezi 16 na 23 hivi, na magego ya nyuma hufunga kazi. Akifika miaka mitatu huwa na meno yote 20 ya utoto.

Mpangilio huu una faida kubwa kwa mzazi. Mtoto wa miezi 5 akiwa na uvimbe mweupe pale panapotarajiwa chonge, hilo si jino linalotoka wiki hii. Hiyo ni mbegu ya jino lake iliyolala ndani ya fizi, na itabaki hapo mwaka mzima au zaidi. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Pia ujue kwamba jino halichani nyama kama kisu. Tishu iliyo juu yake huyeyuka taratibu mpaka njia inafunguka. Huuma, ndiyo, lakini kwa siku chache. Mwaka 2000 watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 125 ambao wazazi wao waliandika dalili kila siku. Dalili zilizohusiana na meno zilijikusanya katika siku nane: nne kabla ya jino kuchomoza, siku yenyewe, na tatu baada yake. Homa kali na kuharisha havikuwamo. Kwa hiyo mtoto akisumbuka mwezi mzima mfululizo, tafuta sababu nyingine.

Udenda unamwagika, nguo imelowa kifuani

Ikiwa mtoto ana miezi miwili au mitatu, pengine si meno bado. Umri huo tezi za mate huanza kufanya kazi kwa nguvu na mtoto hajajua kumeza mate yake, hivyo yanamtoka. Anajifunza vilevile kupeleka ngumi mdomoni, na hapo shangazi zote hutangaza jino.

Akiwa na miezi 5 na kuendelea, udenda unaozidi ghafla pamoja na fizi iliyotuna huwa ni dalili nzuri ya jino. Tatizo lake kubwa ni ngozi. Kidevu na shingo hupata vipele vyekundu kwa kulowa muda wote. Mfunge bibu, ibadilishe ikilowa, mkaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini bila kusugua, kisha umpake mafuta ya mgando membamba kidevuni kabla ya kulala. Vipele vikienea tumboni, mgongoni au miguuni, meno hayahusiki. Mpeleke akaangaliwe.

Angalizo moja: mtoto anayetokwa na udenda mwingi ghafla huku anashindwa kumeza au anapumua kwa shida huenda amekwamwa na kitu kooni au ana maambukizi ya koo. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Anang'ata kila kitu, fizi imevimba

Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Nawa mikono kwa sabuni, kata kucha, pitisha kidole juu ya fizi. Jino lililo karibu utalisikia kama kijiwe kigumu chenye ukingo, na fizi juu yake huwa imetuna, nyekundu kidogo au imeng'aa.

Wakati mwingine utaona kiuvimbe chenye rangi ya bluu au zambarau kama damu iliyovilia, hasa pale gego linapokuja. Kinatisha macho, lakini mara nyingi ni majimaji yaliyojikusanya juu ya jino linalopanda, na hupasuka chenyewe jino likitoka. Usikitoboe. Kikikua sana, kikitoa usaha au mtoto akipata homa, muone daktari wa meno.

Analia usiku, anavuta sikio

Maumivu ya fizi huweza kusikika mpaka sikioni, hivyo mtoto anayeota gego hujivuta sikio au kujisugua shavu. Lakini anayevuta sikio huku ana homa, mafua, au analia zaidi akilazwa chali, huenda sikio lenyewe ndilo bovu. Daktari hulichungulia kwa kurunzi yake ndani ya dakika moja. Sikio likitoa maji au usaha, hakuna tena cha kubahatisha.

Mwili una joto

Hapa ndipo watoto wetu wanapotupotea, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Jino linaweza kuupandisha mwili joto kidogo, hasa siku ile linapochomoza. Halimfikishi mtoto nyuzi 38. Ukipima kwapani, kwenye zahanati zetu homa huhesabiwa kuanzia 37.5. Mkono kwenye paji la uso si kipimo. Nunua kipimajoto, hakina gharama kubwa na kitakaa nawe mpaka mtoto wa mwisho.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa, mpeleke mara moja, hata kama ananyonya na kutabasamu. Mkubwa kidogo akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyo. Kipimo cha haraka cha malaria hutumia tone la damu ya kidoleni au kisigino, na majibu hayazidi nusu saa. Malaria isipoonekana, bado kuna kifua, sikio, na mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mtoto mchanga mara nyingi hayana dalili nyingine zaidi ya homa, ndiyo sababu watu huyapa jina la meno kwa urahisi.

Degedege haliletwi na meno. Hata mara moja. Wala mtoto kushindwa kunyonya, kutapika kila anachokipokea, au kulegea na kutoamka vizuri. Ukiona mojawapo ya hayo, usisubiri kukuche.

Kwa nini basi homa na meno huonekana kwenda pamoja? Ni umri tu. Kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama yake tumboni hupungua sana anapokaribia miezi 6. Umri huohuo anaanza kula uji, anaanza kutambaa, na kila anachookota sakafuni kinaishia mdomoni. Jino linatoka katikati ya yote hayo, na kwa kuwa ndilo linaloonekana, linabebeshwa lawama. Na si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. Uingereza ya karne ya 19 madaktari wenyewe waliandika "meno" kama sababu ya kifo kwa maelfu ya watoto, na walikuwa wakiwachana fizi kwa wembe ili "kufungua njia". Watoto walikuwa wanakufa kwa maambukizi, na jina lilikuwa la meno.

Anaharisha

Mate mengi yanayomezwa huweza kukilainisha choo kidogo. Choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku moja ni kuhara, na kuhara kuna chanzo chake: maji, chupa isiyochemshwa, uji uliolala, mikono, virusi. Kusema "meno" hakuyarudishi maji yanayomtoka mtoto.

Anza nyumbani papo hapo. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Koroga pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe. Nyingi ni lita moja, lakini si zote. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko au kikombe, kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, uendelee polepole zaidi. ORS iliyobaki ikifikisha saa 24, imwage. Zahanati watakupa na vidonge vya zinki: mtoto wa miezi 6 na zaidi miligramu 20 kwa siku, wa chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Maliza vidonge vyote hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: hesabu mikojo. Mtoto asiyekojoa kwa saa sita, anayelia bila machozi, mwenye macho yaliyozama, utosi uliobonyea, au ngozi ya tumbo inayokawia kurudi ukiifinya, amepungukiwa maji na anahitaji kituo cha afya leo. Choo chenye damu nacho hakisubiri.

Umeambiwa ana "meno ya plastiki"

Tanzania tunaita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Uganda huyaita ebinyo, Rwanda ibyinyo. Hadithi ni moja kila mahali: mtoto ana homa, anaharisha, anakataa kunyonya, mtu anafungua mdomo wake, anaona vitu vyeupe vinavyochungulia chini ya fizi pale pa chonge, anasema hayo ndiyo yanayomuua na lazima yang'olewe. Hung'olewa kwa sindano, kwa kisu, kwa kucha, hata kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa.

Vile vitu vyeupe ndizo zile mbegu za chonge nilizozitaja mwanzoni. Kila mtoto duniani anazo. Kwa mtoto aliyekonda au aliyepungukiwa damu huonekana zaidi kwa sababu fizi imepauka, na ndiyo sababu "huonekana" kwa wagonjwa. Kinachotolewa ni jino changa ambalo halijakomaa, laini bado, na ulaini huo ndio unaofanya watu waone ni plastiki.

Mtoto aliyekwisha dhoofika kwa kuhara anaondoka pale na kidonda kinywani. Anavuja damu ambayo hakuwa nayo ya kutosha. Kifaa kilichotumika kwa mtoto wa jana kinaweza kumpa pepopunda, maambukizi ya damu, au virusi vya UKIMWI. Wanaonusurika, wengine hukua na chonge za ukubwani zilizopinda, zenye kasoro, au zisizotoka kabisa. Na ugonjwa ulioanzisha yote bado uko palepale tumboni, siku mbili zimepotea.

Mimi pia niliambiwa nimpeleke. Aliyeniambia alinipenda na alimpenda mwanangu, na wanawe wawili walipitia huko wakapona. Walipona kwa sababu watoto wengi wanaoharisha hupona wakipewa maji na ziwa. Mwenye kukushauri hivyo usigombane naye. Mwambie, "Mama, tupitie kwanza zahanati," na mwende pamoja, akaone mwenyewe mtoto akinywa ORS na kufumbua macho.

Fizi zote nyekundu, au kinywa cheupe

Jino huvimbisha sehemu moja. Fizi zote zikiwa nyekundu, zinavuja damu, kuna vidonda vidogo ulimini na midomoni, na mtoto ana homa na anakataa hata maziwa, hayo mara nyingi ni maambukizi ya virusi vya kinywa. Utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu usiofutika kama maziwa ni fangasi, una dawa yake ya matone, na mama anayenyonyesha huenda akahitaji kutibiwa chuchu pia.

Umehakikisha ni jino. Sasa umtulize

Dawa ya kwanza ni kidole chako kisafi. Isugue fizi kwa mkandamizo mwepesi dakika moja au mbili; watoto wengi hunyamaza wakaanza kukung'ata. Baridi nayo hupunguza maumivu. Lowesha kitambaa safi cha pamba kwa maji yaliyochemshwa, kikamue, kiweke kwenye friji, kisha mpe akitafune ukiwa umemshikia. Kijiko cha chuma kilichopoa kinafaa pia. Usitie kitu kwenye sehemu ya kugandisha barafu, maana kikiwa jiwe kinaumiza fizi. Nyumba isiyo na friji haina shida: maji yaliyochemshwa yakapoa ndani ya mtungi uliofunikwa yana ubaridi wa kutosha kabisa.

Vidude vya kung'ata vya mpira viwe kipande kimoja, kikubwa kuliko mdomo wake, na vioshwe kila vinapoanguka. Karoti na kipande cha muwa naviona vikitolewa sana. Sivipendi: jino moja tu linatosha kumega kipande, na koo lake ni jembamba.

Mbebe. Mnyonyeshe. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga hulala na maumivu yaleyale yaliyomkesha kitandani.

Ikishindikana, hasa usiku, paracetamol ya maji inaruhusiwa kwa kipimo cha uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa nafasi ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Chupa hutofautiana nguvu, hivyo beba kadi ya kliniki yenye uzito wa karibuni, muulize mfamasia ni mililita ngapi, na upime kwa bomba lililo na alama badala ya kijiko cha chai. Mtoto wa chini ya miezi mitatu asipewe bila daktari. Aspirini asipewe mtoto kamwe. Na ikiwa umeitoa siku mbili bila nafuu, rudi kwenye swali la mwanzo: ni meno kweli?

Usimpe hivi

Jeli za kutia ganzi fizi zenye benzokaini. Zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Zenye lidokaini zilishaonywa 2014, kwa sababu mtoto akizimeza zinaweza kuleta degedege na kuudhuru moyo. Hata bila hatari hizo, udenda huziosha ndani ya dakika chache.

Dawa za maji "za meno" usizozijua chanzo. Nigeria, mwishoni mwa 2008, dawa moja ya namna hiyo ilikutwa imechanganyika na diethilini glaikoli, sumu inayoua figo. Watoto zaidi ya 80 walikufa, na wazazi wao waliinunua dukani kwa nia njema kabisa.

Asali, kabla ya kutimiza mwaka, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Mikufu ya shanga au kaharabu shingoni, ambayo inaweza kumnyonga usingizini au kukatika akameza ushanga. Chumvi, majivu, na pombe ya kusugulia fizi.

Anakung'ata unaponyonyesha

Mtoto hawezi kunyonya na kung'ata kwa wakati mmoja, ulimi huwa umefunika fizi ya chini. Hung'ata mwanzoni fizi zinapowasha au mwishoni akishashiba. Mpe kitambaa cha baridi kabla ya ziwa. Aking'ata, usimvute, utachanika. Ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake aachie, umtoe kwa utulivu. Sehemu kubwa huacha ndani ya siku chache, kwa hiyo isiwe sababu ya kumwachisha.

Jino limechelewa, limewahi, au limeanzia juu

Akifikisha miezi 18 bila jino hata moja, muone daktari wa meno. Kabla ya hapo, mtoto anayekua vizuri kwenye kadi hana tatizo, na mifupa ya mbuzi unayomtengenezea supu haitaliharakisha.

Wachache sana huzaliwa na jino. Likilegea sana daktari huling'oa ili asilimeze, likiwa imara huachwa. Na aliyeanza na meno ya juu, ambaye wazee wa pwani walimwita kigego na kumwona ni mtoto wa nuksi, ni mtoto mwenye meno ya juu tu. Ameota kwa mpangilio wake. Kama kuna mtu nyumbani bado ananong'ona, mwanao asiachwe peke yake na minong'ono hiyo. Mbebe, mwonyeshe watu kicheko chake.

Likishachomoza tu, lipigwe mswaki asubuhi na usiku kwa mswaki laini na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele.